Maswali Yenu: Hivi Amunike alikuwa mchezaji wa kawaida tu?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Kijiweni kwetu kuna ubishi hauishi, mmoja anasema Emmanuel Amunike aliyeifundisha Taifa Stars alikuwa mchezaji wa kawaida tu, mwingine anasema kacheza hadi Barcelona. Na kama alikuwa mkali hivyo, mbona TFF waliachana nae fasta baada ya AFCON ya Misri? Msomaji, Mbagala.

JIBU: Huyo wa Barcelona mpeni soda yake. Alitua pale 1996 akitokea Sporting ya Ureno, sema goti likamtibulia, hakucheza sana. Ukitaka kumjua muangalie na jezi ya Nigeria. Fainali ya AFCON 1994 kule Tunis Zambia walitangulia, yeye akatupia zote mbili, 2-1, mwaka huohuo Kombe la Dunia Marekani akawafunga Bulgaria na Italia, akabeba tuzo ya mchezaji bora Afrika, halafu Olimpiki ya 1996 goli la ushindi kwenye fainali na Argentina, 3-2, ni la kwake. Sasa huyo ndo wa kawaida? Hata ukocha alianza vizuri, 2015 alibeba Kombe la Dunia la U-17 kule Chile akiwa na kina Osimhen.

Kwetu alikuja Agosti 2018, hata hajacheza mechi akawaacha wachezaji kadhaa wa Simba kisa kuchelewa kambini, si unajua mashabiki wa huku, wakawaka. Novemba Lesotho wakatupiga 1-0 Maseru, nusu ya nchi ikawa ishamfukuza. Halafu Machi 24, 2019 pale Taifa tukaichapa Uganda 3-0, Msuva, Nyoni kwa penati na Aggrey Morris, huku Lesotho wakitoka suluhu na Cape Verde, basi tukafuzu baada ya miaka 39. (Uganda walikuwa washafuzu, najua, msiniandikie.)

Misri tukapoteza zote tatu, na Julai TFF wakasema mkataba umevunjwa kwa makubaliano. Kufungwa 2-0 na Senegal na 3-0 na Algeria mi simlaumu, hao hao ndo waliokutana fainali. Ila ile ya Kenya hapana aisee, tumeongoza mara mbili, Msuva kisha Samatta, wakarudisha zote, na dakika ya 80 Olunga akapiga la tatu. Mi naona kibarua chake kiliota nyasi pale pale.