Kumbukumbu zinapotea, mbona wanapiga picha moyo?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi niko Leicester, mama nilimleta kutoka Tanga 2016, sasa ana miaka 76. Tangu mwaka jana anasahausahau, ila ajabu yake siku moja yuko sawa kabisa anakutajia mpaka nani alimuoa nani mtaani kwetu, kesho yake hajui kama ni asubuhi au jioni. Kliniki ya kumbukumbu wamempiga picha ya kichwa, wakasema haijatoa jibu, sasa imekuja barua aende kupigwa picha ya MOYO. Mama hana ugonjwa wa moyo! Dada yangu huko nyumbani anasema hao wazungu wanamfanyia majaribio. Moyo na kusahau wapi na wapi? – Kitinda Mimba, Leicester

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwambie dada atulie, si majaribio. Wajapani wanakitumia hicho kipimo miaka mingi, na Uingereza kimo kwenye mwongozo wa 2018 wa NICE, taasisi inayowaandikia madaktari wa huko miongozo ya matibabu, pale wanaposema kwanza mgonjwa apigwe ile skani ya ubongo inayoitwa FP-CIT SPECT, ikiwa haipatikani ndo wafikirie hii ya moyo, jina lake MIBG.

Sasa wapi na wapi. Dimensia, yaani kumbukumbu na akili kudhoofika, si ugonjwa mmoja, ni kama ukisema "homa", unaweza kuwa na malaria, unaweza kuwa na taifodi. Alzheimer ndo inayojulikana zaidi lakini ipo nyingine ya vijibonge vya Lewy, yaani protini inajikusanya ndani ya seli za ubongo, Friedrich Lewy aliviona vile vijibonge 1912 kwa wagonjwa wa Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa, halafu 1976 Mjapani Kenji Kosaka akaeleza mgonjwa wa dimensia aliyekuwa navyo ubongo mzima. Na vijibonge hivi havikai kichwani tu, vinapatikana mpaka kwenye neva zinazokwenda moyoni, zile zinazoufanya udunde haraka ukishtuka au ukipanda ngazi. Kwenye Lewy neva hizo zinakufa mapema, kwenye Alzheimer kwa kawaida zinabaki. Hapo ndipo madaktari walipopata upenyo.

Wanamchoma mama sindano ya dawa inayofanana na noradrenalini, kemikali ya hizo neva, imefungwa iodini 123 yenye mionzi kidogo ambayo nguvu yake inapungua nusu kila saa 13. Neva zikiwa hai zinaifyonza ile dawa na moyo unang'aa kwenye kamera. Zikiwa zimekufa, moyo hauonekani! Unaona ini, unaona mapafu, pale kifuani kwenye moyo ni giza. Mara ya kwanza kuona picha kama hiyo nilidhani mashine imekosea, manake mgonjwa mwenyewe kakaa pale nje anakunywa maji. Ni kama mtaa uliokatika umeme usiku, ukiangalia kwa mbali hamna kitu, lakini nyumba zipo na watu wamo ndani. Moyo una mdundo wake wenyewe, hauhitaji neva hizo ili uendelee kupiga. Kwa hiyo hata jibu likija kwamba moyo "haupo" msije mkamtangazia mama kwamba ana ugonjwa wa moyo, hawakupima hilo. Wamepima nyaya, hawakupima pampu.

Kipimo kinakosea? Ndiyo. Utafiti wa Japani wa hospitali kadhaa uliotoka 2015 ulikuta kinawakamata kama 69 katika kila 100 wenye dalili za wazi za Lewy, na kwa wenye Alzheimer 89 katika 100 picha ilitoka ya kawaida kama inavyotakiwa. Maana yake picha ya giza ina uzito sana, ila picha inayong'aa haimfutii mtu Lewy. Na kama mama ana kisukari cha muda mrefu kilichoharibu neva, au aliwahi kupata mshtuko wa moyo, au moyo umechoka mwili unajaa maji, picha inaweza kuwa giza kwa sababu hizo na si Lewy hata kidogo. Waambieni mapema. Na dawa zote anazomeza ziandikeni kwenye karatasi, hata zile alizotumiwa na ndugu kutoka Tanga, hata za mafua za dukani, manake baadhi ya dawa za sonona kama amitriptyline na dawa ya presha inayoitwa labetalol zinazuia neva kufyonza. Ila msimkatishe dawa wenyewe, wao ndo watasema ipi isimame na kwa siku ngapi.

Siku yenyewe ni ndefu. Kuna picha moja mapema baada ya sindano na nyingine baada ya saa 3 au 4, hapo katikati mnasubiri tu. Mara nyingi wanampa kwanza dawa ya kukinga tezi ya shingo isifyonze iodini. Ningekuwa wewe ningeenda na kanga yake, chakula anachokijua na mtu wa kuongea naye Kiswahili, kwa sababu akiwa kwenye siku yake mbaya halafu analazwa chini ya mashine na watu wanamsemesha Kiingereza, atataka kushuka na picha itaharibika. Tena muulize kitu kimoja ambacho hukukiandika kwenye barua yako: anaona watu au wanyama ambao hawapo? Usiku anapigana usingizini? Mkono unatetemeka, hatua zimekuwa fupifupi? Majibu ya hayo mpeni daktari, yana thamani kama picha na pengine zaidi.

SWALI: Assalaam aleikum daktari. Babangu yuko Mombasa, ana miaka 70. Miaka mingi sasa akilala hupiga mateke na makelele mpaka mamangu alihama kitanda. Mwaka huu ameanza kuona watoto wadogo wamekaa kwenye kochi hawasemi kitu, atwambia tuwape chai. Majirani wasema ni majini. Tulimpeleka hospitali wakampa haloperidol ya kumtuliza akili, siku ya pili akakakamaa kama mti na kumeza pia ni shida. Hizo skani za ng'ambo sisi hatuna pesa. Tufanyeje? – Mwana wa Kisauni

JIBU: Waaleikum salaam. Kabla hujamaliza kusoma hapa, mrudisheni hospitali LEO na pakiti ya dawa mkononi, mwambieni daktari maneno haya haya: alianza dawa, siku ya pili akakakamaa, hamezi vizuri. Na kama ana homa au amepotelewa na fahamu basi ni dharura kabisa, msingoje asubuhi.

Nikuambie kwa nini. Hadithi yako imejaa dalili za Lewy, mateke ya usingizini yanaweza kutangulia miaka mingi kabla ya kusahau, watoto au wanyama wanaoonekana waziwazi na kimya, halafu mwili kukataa haloperidol. Wagonjwa hawa baadhi yao dawa za aina hiyo huwaumiza vibaya, wanakakamaa, wanalala mfululizo, wengine hufa. Hii ndo sababu hasa ya watu kuhangaika kujua ni dimensia gani, si kwa ajili ya kujua jina tu. Kwa hiyo hata bila skani yoyote hilo neno "hapatani na haloperidol" liandikwe kwenye faili lake na juu ya daftari lake la kliniki.

Skani inasaidia pale dalili zinapogongana. Kwa baba yako daktari mwenye subira anaweza kufika mbali kwa kusikiliza tu, kumpima presha akiwa amelala na akiwa amesimama (wengi wao inashuka ghafla wakisimama, wanaanguka), kuangalia macho, na kuhakikisha hamna maambukizi kwenye mkojo au damu, manake na hayo humfanya mzee aone vitu. Ulizeni kuhusu donepezil au rivastigmine, dawa za dimensia, haziponyi lakini kwa wengi wale watoto wa kwenye kochi hupungua. Na kama hawamtishi, wala hamna haja ya kugombana naye. Mwambieni chai watapewa.

Majini: dua msomeeni, sina neno. Kufungwa kamba na kuchapwa ili "kiumbe" kitoke, hapana. Robin Williams yule mchekeshaji wa Marekani aliambiwa ana Parkinson, akafa 2014 na hajui kilichokuwa kinamsumbua akilini, vijibonge vya Lewy vilionekana baada ya kifo. Huyo alikuwa na pesa na madaktari wote wa California, sasa majirani wa Kisauni tusiwalaumu sana.

SWALI: Dokta mambo. Nina miaka 41, nasahau funguo kila siku na jana nimesahau simu kwenye daladala. Nimesikia kuna picha ya moyo inaonyesha dimensia. Naipata wapi? – Msahaulifu, Arusha

JIBU: Poa. Usiitafute. Kipimo hiki si cha kuchungulia nani atapata dimensia, ni cha kutofautisha kwa mtu ambaye tayari anayo au anashukiwa sana. Wewe nenda kapime damu, wingi wake, tezi na vitamini B12, na uniambie unalala saa ngapi. Barua yako imeingia saa 9 usiku.