Miaka miwili na printa ya mfukoni: niliyojifunza kwa kuharibu karatasi

Nilipoinunua printa hii ndogo ya kuchapa picha za simu nilikuwa na mpango mkubwa. Picha zote zilizolala kwenye simu yangu, zaidi ya elfu saba, zingetoka moja moja na kuingia kwenye albamu. Nilifika picha ya arobaini. Pakiti nne za karatasi zilikuwa zimekwisha, albamu ina kurasa tatu tu, na nilipopiga hesabu usiku ule nikaona kwamba kwa mwendo huo ningehitaji pakiti mia saba. Nikaizima printa nikaitupia kwenye droo.

Aliyeitoa kwenye droo ni mama mdogo. Alikuja kunitembelea, nikampiga picha akicheka, nikamwonyesha kwenye simu. Akaitazama, akanirudishia simu yangu, akasema, "Nzuri. Yangu iko wapi?" Nikaichukua printa, nikaichapa mbele yake. Aliipokea kwa ncha za vidole, akaipuliza kana kwamba ina moto, akaichomeka katikati ya daftari lake na kulifunga. Hakusema tena neno juu ya picha ile, lakini tangu siku hiyo kila akija huuliza kama "kile kimashine" kipo.

Basi hiyo ndiyo kazi yake. Picha za ukutani, picha za pasipoti na vitambulisho, na albamu nzima ya familia, peleka kwa mwenye mashine kubwa. Karatasi yake ni pana na kila picha itakutoka kwa bei nafuu. Printa ya mfukoni ni ya kumkabidhi mtu picha yake kabla hajaondoka. Ukiinunua kwa lengo hilo utaipenda. Ukiinunua kama mimi nilivyoinunua, jiandae kupata droo.

Ujue unanunua aina gani

Maboksi yanafanana na matangazo yote yanaahidi picha papo hapo, ila ndani kuna mashine tatu tofauti kabisa.

Yangu hutumia karatasi ya Zink, jina lililofupishwa kutoka maneno ya Kiingereza yenye maana ya "wino sifuri". Teknolojia hii ilizaliwa ndani ya kampuni ya kamera ya Polaroid, ikatengwa kuwa kampuni yake mwaka 2005, na mwaka 2008 ikatoka printa ndogo ya Polaroid PoGo. Ndani ya printa hakuna rangi hata tone. Rangi iko kwenye karatasi yenyewe: tabaka tatu za chembe zisizoonekana, ya njano juu, ya majenta (waridi iliyokolea) katikati, ya siani (buluu inayoelekea kijani) chini. Joto kali la kitambo kidogo sana huamsha njano peke yake. Joto la chini zaidi linalokaa muda mrefu hushuka mpaka siani. Karatasi ya kawaida ya aina hii ni ya inchi 2 kwa 3, yaani kama sentimita 5 kwa 7.6, na nyuma ina gundi. Printa ya HP Sprocket iko kundi hili. Mashine za kundi hili ni ndogo kuliko zote, hazina katriji ya wino ya kununua, lakini rangi zake, tuseme ukweli, zimepoa kidogo.

Ya pili hutumia utepe wa rangi. Utaiona karatasi ikitoka na kurudi mara nne: njano, majenta, siani, kisha tabaka angavu la kuikinga. Usiivute ikitoka mara ya kwanza ukidhani imemaliza. Rafiki yangu aliivuta, akapata picha ya njano na printa iliyokwama. Kodak wanazo, na Canon wanazo kwa jina la Selphy. Kwa sura za watu hii ndiyo ningekushauri, maana ngozi hutoka na uhai wake na picha haichafuki ovyo kwa alama za vidole. Ila kuna jambo moja ambalo maboksi hayalisemi: utepe uliokwisha kutumika hubaki na picha zako. Uinue kwenye mwanga uone. Kama ulichapa picha za faragha, ukatekate kabla ya kuutupa.

Ya tatu si printa kwa maana tuliyoizoea. Instax Mini Link ya Fujifilm, iliyotoka 2019, huimulikia filamu halisi kwa taa zake, halafu kemikali zilizomo kwenye filamu hiyo hiyo huisafisha picha mkononi mwako kwa dakika moja na nusu hivi. Kipande kizima ni milimita 86 kwa 54, sawasawa na kadi ya benki. Kila mtu huipunga hewani ili "ikauke". Hakuna cha kukauka, kila kitu kimefungwa ndani; iache tu mezani ikiwa imelala. Na usifungue mlango wa nyuma kuangalia zimebaki ngapi. Niliazima moja kwa ajili ya sherehe, nikafungua "mara moja tu" nihesabu, nikaziunguza kwa mwanga filamu nilizokuwa nazihesabu.

Kuna ya nne inayouzwa kwa jina la printa ya picha, nayo huchapa nyeusi na nyeupe kwenye karatasi ya risiti. Ni nzuri kwa lebo na orodha. Picha yake itafifia kama risiti inavyofifia. Usipakwe mafuta kwa mgongo wa chupa.

Mwanga, mwanga, mwanga

Hapa ndipo karatasi zangu nyingi zilipoishia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kioo cha simu kinawaka. Karatasi haiwaki, inasubiri mwanga wa chumbani iurudishe. Picha inayong'aa kwenye simu iliyowekwa mwangaza wa juu kabisa itatoka kwenye karatasi kama iliyopigwa jioni. Watu wenye ngozi nyeusi ndio wanaoumia zaidi: mashavu, nywele na kivuli cha shingo huungana kuwa doa moja la giza, na aliyepigwa atakuuliza kwa upole kama ni yeye. Kosa la kwanza ni kuilaumu printa. Kosa la pili, nalo nimelifanya sana, ni kuongeza mwangaza wa picha nzima mpaka shati jeupe linapoteza mikunjo yake yote.

Kinachofaa ni kuinua vivuli peke yake. Karibu kila programu ya kuhariri picha ina kitelezi cha vivuli na kingine cha sehemu zenye mwanga. Vya kwanza vipandishe, vya pili vishushe kidogo, kisha punguza ukali wa utofauti kati ya giza na mwanga. Kwenye simu picha itaonekana imepauka, hata utasita kubonyeza. Bonyeza. Na kabla ya yote hayo, shusha mwangaza wa kioo cha simu mpaka nusu, usije ukahariri picha kwa macho yaliyodanganywa.

Ujanja ulioniokolea karatasi nyingi ni huu. Chukua picha moja, itengenezee nakala nne zenye mwangaza tofauti, ziunganishe kuwa mraba mmoja wa picha nne, uchape kwenye karatasi moja. Iangalie kando ya dirisha, chagua iliyokaa vizuri, kumbuka uliipandisha kiasi gani. Mimi nilifanya hivyo mara tatu: picha ya nje juani, ya ndani kwa taa, na ya usiku. Namba tatu nilizopata nilizibandika nyuma ya printa kwa karatasi yake yenyewe, na ndizo ninazotumia mpaka leo. Za printa yako zitakuwa nyingine.

Watu huniuliza kama simu yao ina kamera nzuri ya kutosha. Inayo. Karatasi ya inchi 2 kwa 3 ikichapwa kwa nukta 300 kila inchi inahitaji pikseli (vinukta vinavyounda picha) 600 kwa 900, yaani 540,000. Kamera ya megapikseli 12, yaani pikseli milioni 12, ina zaidi ya mara ishirini ya hizo. Hata picha iliyobanwa na WhatsApp itatosha kwa karatasi hii. Isiyotosha ni ile uliyoivuta kutoka mbali, ukamkata mtu mmoja katikati ya umati, au skrinshoti ya skrinshoti ya mtu mwingine.

Kingo zinazoliwa

Simu nyingi hupiga picha kwa uwiano wa 4 kwa 3. Karatasi ya Zink ni 3 kwa 2. Printa ikijaza karatasi yote, lazima ile kitu, nayo hula sehemu moja katika tisa. Picha ya kusimama hupoteza pembeni, ya kulala hupoteza juu na chini. Ndiyo maana kwenye picha za kundi wale warefu waliosimama nyuma hutoka bila vipara vyao. Ukijua utachapa, rudi nyuma hatua mbili kabla ya kupiga, na uikate picha mwenyewe kwenye simu kwa uwiano wa 3 kwa 2 badala ya kuiachia printa ikuamulie. Wenye filamu ndogo ya Instax wamepona hapa: eneo lake la picha ni milimita 62 kwa 46, karibu sawa kabisa na uwiano wa simu.

Kuna programu zinazokuruhusu kuigawa picha moja kwenye karatasi nne au tisa ubandike ukutani kama vigae. Nimejaribu. Vigae vyangu havikulingana, na sitajaribu tena.

Karatasi ina adabu zake

Katika kila pakiti ya Zink utakuta karatasi moja ya buluu yenye msimbo wa mistari. Wengi huitupa. Ni hiyo inayoiambia printa jinsi ya kupanga joto kwa karatasi za pakiti ile, na ikipita ndani hufuta vumbi la rola. Iweke chini ya zile kumi, msimbo ukitazama chini, upande unaong'aa wa karatasi ukitazama juu. Mimi nilichanganya mabaki ya pakiti mbili bila kujali, na kwa wiki nzima kila mtu niliyempiga picha alitoka na mashavu ya waridi. Ukiona mstari mweupe umepita picha zote mahali pale pale, ni vumbi. Pitisha ile ya buluu tena.

Usijaze zaidi ya kumi. Usiiguse sehemu ya kung'aa. Usiache pakiti ndani ya gari lililoegeshwa juani, wala picha iliyokwisha chapwa. Niliyoibandika mimi karibu na kioo cha mbele cha gari ilianza kupauka, na leo imebaki kivuli cha watu wawili. Nakala ya kwenye simu usiifute kwa sababu tu umeshaichapa.

Na kwa kuwa mashine hii inafanya kazi kwa joto, inachoka. Kwenye sherehe ile niliyosema, printa yangu ilichapa picha kadhaa mfululizo, ikawasha taa nyekundu ikakataa, huku foleni ya watu inaningoja. Haikuwa imeharibika, ilikuwa inapoa. Siku hizi naacha nafasi kati ya picha, naiweka mezani badala ya mfukoni, na nafika na chaji kamili pamoja na benki ya chaji. Napiga wengi, nachapa polepole, nawaita mmoja mmoja.

Ikigoma kuongea na simu

Mara nyingi tatizo ni simu ya mtu mwingine. Ulimruhusu binamu yako achape picha moja, simu yake bado imeishikilia printa, nawe unahangaika chumba cha pili. Mwambie azime Bluetooth yake. Kwenye Android za kabla ya toleo la 12, programu itaomba pia ruhusa ya kujua mahali ulipo. Si udukuzi, mfumo wenyewe ulihitaji ruhusa hiyo ili kutafuta vifaa vya Bluetooth. Ila ikiomba kuona picha zako zote, simu nyingi za sasa hukuruhusu kuchagua chache tu. Chagua chache.

Ukinunua iliyotumika, usiridhike na kuiona inawaka. Nyingi ya printa hizi zina kitufe kimoja tu cha kuwashia, na kila kitu kingine kiko kwenye programu. Kama programu hiyo haipatikani tena kwa simu yako, umenunua jiwe lenye taa. Ipakue kwanza, iunganishe, uchape picha moja na karatasi yako mwenyewe hapo hapo mbele ya muuzaji. Akikuambia chaji imeisha, mwambie huna haraka, utasubiri.