Nina Simone Montreux 1976: icheki yote, usiogope hayo maoni

Mdau umeuliza kama uipotezee ile video ya konsati ya Nina Simone, mwimbaji na mpiga piano mweusi wa Marekani, ya Montreux, Uswisi, 1976, sababu watazamaji kibao wanalalamika eti mama mkali na anakatiza nyimbo. Mi nakwambia icheki, tena usiruke hata ule mwanzo anapowaangalia watu kimyaa, maana hapo ndo wengi wanachoka wanazima. Ni kweli katikati ya wimbo anamwambia mtu aliyesimama akae chini, ila Nina alisomea piano ya klasiki pale Juilliard, chuo cha muziki New York, kasimamia haki za weusi mpaka akaihama Marekani akaenda kuishi Liberia, sasa akipanda jukwaani anataka asikilizwe, na anayemuita mkorofi kwa hilo anamkosea sana aisee. Ukifika kwenye wimbo wa Feelings vaa hedifoni, angalia vidole, wimbo laini wa mapenzi anaubomoa na kuujenga upya hapo hapo. Kama we unataka kitu tulivu cha kusindikiza msosi, anza na konsati ya Diana Krall, mwimbaji wa jazz, pale ukumbi wa Olympia, Paris, 2001, halafu ndo urudi kwa Nina.