Dawa mseto ya malaria: kwa nini baada ya chakula?

Dada wa Igoma, umeuliza kwa nini nesi alikataza mwanao kumeza dawa mseto kwa chai ya rangi tupu, na kama kweli siku hizi "dawa zinafichwa kwenye mafuta".

Nesi kasema kweli. Lumefantrini, mojawapo ya dawa zilizochanganywa kwenye dawa mseto, haipatani kabisa na maji. Bila mafuta tumboni, sehemu kubwa hupita bila kuingia kwenye damu. Mafuta yakifika, nyongo humwagika na kuyavunja kuwa vitone vidogo mno, dawa ikadandia humo hadi ukutani mwa utumbo. Si lazima karamu: kikombe cha maziwa kinatosha, au kipande cha sato wa kukaanga.

Hilo la pili, la dawa kufichwa kwenye mafuta, ni chembe nano za lipidi, yaani vipunje vidogo mno vya mafuta vinavyobeba dawa. Dawa huyeyushwa kwenye mafuta ya moto, kisha huchanganywa kwa kasi na maji hadi chembe ziwe chini ya nanomita 1,000, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Nyingine hupitia limfu (mishipa ya majimaji ya mwili, si ya damu), zikakwepa ini linalovunja dawa. Utafiti mzuri, ila usiusubiri kwa homa ya leo! Dozi ya pili ya dawa mseto hupewa zikipita saa 8 tangu ile ya kwanza, halafu asubuhi na jioni siku mbili zinazofuata, hata akianza kucheza. Akitapika muda mfupi baada ya kumeza, rudi kituoni. Akipata degedege, kimbia hospitali.