Mitego ikirudi mitupu, je, mnyama ametoweka?

Swali: Nasomea uhifadhi wa wanyamapori. Nimesoma kuwa panya wa kisiwa cha Bramble Cay, Australia, alihesabiwa kuwa ametoweka baada ya utafiti wa mwaka 2014 wa "usiku-mtego 900". Usiku-mtego ni nini? Na panya mdogo namna hiyo hawezi kuwa amejificha tu?

Jibu: Usiku-mtego ni mtego mmoja uliotegwa usiku mmoja. Mitego 150 ikitegwa usiku 6 inatoa 900. Unapohesabu, ondoa nusu ya usiku-mtego kwa kila mtego uliofyatuka bila kunasa panya, kwa sababu hujui ulifungika saa ngapi. Wengi husahau hapo, na juhudi yao huonekana kubwa kuliko ilivyokuwa.

Sasa kuhusu kujificha. Tuseme kila panya ana uwezekano wa asilimia 20 wa kunaswa kwa usiku mmoja. Uwezekano wa kukwepa usiku 6 mfululizo ni 0.8 ikizidishwa kwa yenyewe mara 6, yaani takriban 0.26. Panya mmoja aliyebaki anaweza kabisa kukukwepa. Wakiwa watano, uwezekano wa wote kukwepa hushuka hadi karibu 0.001. Hesabu hii inachukulia kwamba panya hawaogopi mitego, na wapo wanaoiogopa. Ndiyo maana mwaka 2014 ziliongezwa kamera, usiku-kamera 60, pamoja na saa mbili za kupekua mchana.

Lakini ushahidi mzito zaidi ni kisiwa chenyewe. Bramble Cay, katika Mlango-bahari wa Torres, ina hekta 4 hadi 5 tu, na sehemu yake ya juu kabisa haizidi mita 3 hivi kutoka usawa wa bahari. Panya huyu, *Melomys rubicola*, aliishi hapo tu, akitegemea mimea kwa chakula na maficho. Eneo lenye mimea lilikuwa hekta 2.16 mwaka 2004. Kufikia Machi 2014 zilibaki hekta 0.065, sawa na mita za mraba 650. Bahari ilipopanda, mawimbi ya dhoruba yalifunika kisiwa mara kwa mara na chumvi ikaua majani. Ukiweka mitego 150 kwenye kipande kama hicho, panya hana pa kwenda.

Idadi nazo zilikuwa zikishuka: mwaka 1998 walinaswa 42, mwaka 2002 wakanaswa 10, mwaka 2004 wakanaswa 12. Utafiti wa 2011 haukupata hata mmoja. Mvuvi mmoja ndiye wa mwisho kumwona, mwaka 2009. Mpango wa kumwokoa ulikuwa umeshachapishwa mwaka 2008, na kwangu hilo ndilo linaloumiza zaidi. Serikali ya Australia ilimtangaza rasmi kuwa ametoweka Februari 2019.

Ukifanya kazi ya aina hii kwenye kisiwa cha mchanga, chambo cha siagi ya karanga na oti kinafaa, ila kaa na sisimizi hukimaliza kabla panya hajafika. Kibadilishe kila jioni. Tega chini ya majani, weka nyasi kavu ndani, na kagua kabla jua halijachomoza. Mtego wa bati ukipigwa na jua huua panya haraka, na ukiwa unatafuta wachache waliobaki, kumuua mmoja ni hasara isiyolipika.

Ipo nafasi moja ambayo watafiti wenyewe waliitaja: delta ya mto Fly, Papua Guinea Mpya, kilomita 50 hivi kutoka Bramble Cay. Huenda huko yupo panya huyu au ndugu yake wa karibu. Atakayetega huko aangalie mkia kwanza: kwa jamii ya Melomys magamba yake yamepangwa kama vigae vya sakafuni, hayapandani kama ya panya wa nyumbani. Kisha akate kipande kidogo cha sikio, akihifadhi kwenye ethanoli ya asilimia 95 kwa ajili ya DNA, kwa kuwa spishi za jamii hii hufanana mno kwa macho.