Kabla ya kuwasha moto: ushauri kwa anayefufua vifaa vya mhunzi nyumbani

Vifaa vyangu vya kufulia chuma nilivikuta vimelundikwa nyuma ya nyumba moja, katika kijiji kisicho mbali na Wete, Pemba, vikisubiri gari la wanunuzi wa vyuma chakavu. Mwenyewe, mhunzi aliyewafulia wakulima miundu na mapanga, akina mama vichwa vya mbuzi za kukunia nazi, na mafundi wa vyombo vya bahari chembeu za kukalafatia, yaani za kuzibia mianya ya mbao, alikuwa amekwisha kufariki, na watoto wake hawakuwa na haja navyo tena. Niliwapa bei iliyozidi kidogo ile ya kilo, nikaondoka na fuawe moja, yaani lile pande la chuma ambalo juu yake hufuliwa, makoleo matatu, nyundo mbili, na mivukuto ya kupulizia moto ambayo ngozi yake ilikuwa imeliwa na panya. Mimi ni mwalimu wa skuli, wala uhunzi sikuurithi. Ni kazi ninayoifanya siku za mapumziko kwa kuipenda, huu ukiwa mwaka wa sita. Nayaandika haya kwa ajili ya yule ambaye naye amepata vifaa vya namna hiyo na mikono yake haitulii mpaka aanze.

Ushauri ambao ningefurahi kuupata siku ile ni huu: usiwashe moto kwanza. Kifaa cha mhunzi kimekwisha kupikwa na aliyekitengeneza. Ugumu wa uso wake ulitiwa kwa moto uliopimwa, na moto usiopimwa unauondoa kwa muda mfupi kuliko ule unaotosha kuchemsha chai.

Nyundo yangu ndogo ilikuwa na kipande cha mpini uliovunjika, kimekwama ndani ya tundu lake. Kazi sahihi ilikuwa kukitoboa kwa keekee na kukisukuma nje taratibu. Mimi niliona njia ya mkato, nikaitumbukiza nyundo katika makaa hadi mti wote ukaungua, kisha nikaiacha ipoe juu ya majivu. Nikatia mpini mpya wa mti wa mpera, nikaanza kazi. Hazikupita wiki mbili uso wa nyundo ukaanza kutanuka na kukunjika pembeni kama uyoga. Nikaipeleka kwa mzee mmoja ambaye ujanani mwake ndiye aliyekuwa akimvukutia marehemu.

Baada ya shikamoo na kuulizana hali, mzee hakuutazama hata huo uyoga. Aliomba tupa. Aliipitisha kwanza juu ya uso wa nyundo yangu kubwa, ile ambayo sikuigusa, nayo tupa ikateleza kwa mlio mwembamba bila ya kuacha alama. Kisha akaipitisha juu ya ile ndogo. Tupa ikauma, na unga wa kijivu ukamwangukia gotini. "Mwanangu, hii umeiua," alisema. "Lakini chuma chake bado kimo, kwa hivyo tutairudisha."

Kipimo hicho cha tupa ndicho ninachokitumia mpaka leo kwa kila kifaa ninachokiokota, kwa sababu tupa ni katika vyuma vigumu vinavyopatikana kwa urahisi nyumbani. Ikiteleza, uso una ugumu wake. Ikiuma, uso ni laini, na hapo utajiuliza kama umelainishwa na moto au kama chuma chenyewe hakikuwa na uwezo wa kuwa kigumu tangu mwanzo. Chuma cha kawaida cha madirisha na milango kina kaboni isiyofika asilimia 0.25, nacho hata ukipashe moto na kukichovya majini mara ngapi hakishiki ugumu wa maana. Springi za gari, zile za mabamba, kwa kawaida hukaribia asilimia 0.6, na tupa yenyewe hufika asilimia 1 au zaidi.

Nyundo iliyolainika hurudishwa hivi. Uso wake hupashwa moto hadi sumaku isishike tena, jambo linalotokea karibu na nyuzijoto sentigredi 770, halafu huongezwa moto kidogo tu juu ya hapo, na uso peke yake huzimwa kwa maji huku sehemu yenye tundu la mpini ikiachwa ipoe polepole ili isije ikapasuka. Hapo uso unakuwa mgumu, lakini mgumu wa kuvunjika kama kigae, na kuupiga katika hali hiyo ni kujitafutia kipande cha chuma jichoni. Husuguliwa kwa msasa hadi ung'ae, kisha pande la chuma jekundu linaloenea tundu la mpini hutiwa humo, na moto wake hutambaa kuelekea usoni ukileta rangi moja baada ya nyingine: kwanza ya asali, karibu na nyuzi 220, kisha ya halua, karibu na 260, kisha ya zambarau, na mwisho buluu ikikaribia 300. Tulilitoa pande lile na kuizima nyundo rangi ya halua ilipogusa ukingo wa uso. Nilikuwa nimeambiwa kwamba rangi hizo zinapita upesi, lakini sikudhani kuwa ni upesi wa namna ile, na kama mzee asingelinishika mkono ningepitiliza.

Kuhusu kutu, visiwani kwetu lazima tuanze na chumvi. Vifaa vilivyokaa miaka katika upepo wa bahari vina chumvi ndani ya vishimo vya kutu, na ukivisugua vikang'aa bila ya kuitoa, kutu itarudi kabla ya mwezi kuisha, hasa masika. Mimi huvitia katika sufuria kuukuu la maji matamu, huyachemsha, huyamwaga na kubadilisha maji mara nne au tano, na ndipo nishike brashi ya waya. Kutu nene hulainika kwa kulowekwa katika siki usiku mmoja au mawili. Mama yangu alisafishia masinia ya shaba kwa ukwaju, nami nimeutumia kwa koleo dogo na ukafaa, ingawa ni wa polepole kuliko siki. Baada ya tindikali yoyote, kifaa kisuuzwe kwa maji yenye magadi, kikaushwe papo hapo juani, kisha kipakwe mafuta.

Wapo wanaotumia umeme wa chaja ya betri ya gari ya volti 12 katika ndoo ya plastiki yenye maji na soda ya kufulia, kifaa kikifungwa upande wa hasi na chuma chakavu upande wa chanya. Njia hii ni nzuri kwa kuwa haili chuma kizima, ila upande wa chanya usiwekwe kamwe chuma kisichoshika kutu, yaani stenlesi, kwa sababu hutoa sumu ya kromiamu ndani ya maji. Nayo kazi ifanyike nje ya nyumba, kwa kuwa gesi inayopanda katika ndoo hiyo huwaka. Kitu ninachokikataa kabisa ni grenda. Grenda haichagui kati ya kutu na chuma, na haina habari kwamba vile vishimo na michirizo ndiyo kumbukumbu ya mkono wa mwenyewe.

Fuawe ndilo linaloumizwa zaidi na grenda. Mafuawe mengi ya zamani yana mwili wa chuma laini uliounganishwa na bamba la chuma kigumu juu yake, na bamba hilo si nene. Anayelisaga ili uso unyooke kama meza anaweza kulimaliza, akabaki na pande zito lisilo na faida. Uso wenye mbonyeo kidogo katikati unafanya kazi vizuri sana, na kwa kunyoosha chuma kilichopinda unasaidia. Langu nililipima kwa gololi ya bearingi: unaiachia kutoka urefu wa sentimita 25, ikiruka na kurudi karibu ya ulipoiachia, uso ni mzima. Nilifanya hivyo kila mahali juu ya uso, nikagundua kwamba pembe moja tu ndiyo iliyokufa, nami pembe hiyo siitumii.

Ubavuni mwake, baada ya kutoa kutu, zilijitokeza namba tatu, 0, 3 na 14, ambazo zilinipa furaha kubwa nilipozielewa. Mafuawe ya Uingereza yaliandikwa uzito kwa mtindo wa zamani: namba ya kwanza huhesabiwa kwa ratili 112, ya pili kwa ratili 28, na ya tatu ni ratili zenyewe. Langu basi ni 84 na 14, yaani ratili 98, karibu kilo 44 na nusu. Nimelikalisha juu ya gogo la mwembe, kwa kimo ambacho nikisimama wima na kukunja ngumi, vifundo vya vidole vinagusa uso wake. Asiyepata fuawe asihuzunike. Kichwa cha nyundo kubwa ya kuvunjia mawe, kikizikwa wima ndani ya gogo, kinatosha kwa kazi zote ndogo.

Kwa moto, mimi hutumia makaa ya vifuu, ambayo ni makali na hayaishi haraka, na kwa sasa hewa huipata kwa feni ya kuzungusha kwa mkono. Makaa ya mikoko siyanunui, kwa sababu ufukwe wetu unaihitaji mikoko kuliko ninavyoyahitaji makaa. Tanuri liwe mbali na paa la makuti, na mbali zaidi msimu wa kaskazi, maana cheche moja hubebwa na upepo. Vaa pamba, viatu vya ngozi na miwani. Kandambili na kikoi vibaki nyumbani. Usitie motoni bomba wala bati lililopakwa zinki, kwani moshi wake mweupe humletea mtu homa na kikohozi usiku. Usiweke chuma chekundu juu ya sakafu ya saruji au jiwe la matumbawe lenye unyevu, kwa kuwa mvuke unaofungika ndani yake hulipasua. Nyundo zinyamaze adhana inapotolewa, na baada ya isha zisisikike kabisa. Majirani wakiikubali kazi yako, utaifanya miaka.

Kazi ya kwanza ninayomshauri mtu aifanye ni kichwa cha mbuzi ya kukunia nazi. Ni kidogo, hakihitaji mtu wa pili wa kushika, na kina kila somo: kunyoosha, kutanua, kupinda, kukata meno kwa tupa. Cha kwanza nilikifua kwa chuma cha dirisha, meno yakalala katika wiki ya kwanza. Cha pili nilikifua kwa kipande cha springi, nikakizima ndani ya mafuta ya kupikia yaliyopashwa kidogo, katika debe lenye mfuniko, kwa kuwa springi ikizimwa kwa maji huweza kupasuka. Kisha nikakirudisha motoni mpaka rangi ya zambarau, ili meno yawe magumu lakini tupa bado iweze kuyauma. Kilipokuwa bado cha moto kiasi cha kuyeyusha nta, nilikisugua kwa kipande cha nta ya nyuki, sehemu yote isipokuwa meno, kikageuka cheusi na hakijashika kutu hadi leo. Mke wangu hukitumia kila siku, nami hukinoa mara moja kwa mwaka, mwishoni mwa Shaabani, kabla nazi hazijaanza kukunwa kwa wingi.