Re: Bonde lilichimbwa ghafla au polepole?

Ndugu, usipime kwa ukubwa wa bonde. Hata kijito kikipewa miaka milioni huchimba korongo. Kagua kilichoachwa nyuma. Mwaka 1923 mwanajiolojia J Harlen Bretz alidai kwamba gharika ndiyo iliyochonga miamba ya basalti (mwamba mgumu wa volkano) ya mashariki mwa Washington, Marekani, wenzake wakambeza. Kilichomtetea ni matuta ya changarawe ya Camas Prairie, Montana, ambayo mwanajiolojia Pardee aliyaeleza mwaka 1942: umbo ni lile lile la vikunjo vya mchanga mtoni, ila mengine yanakaribia kimo cha mita 10! Mto wa kawaida hauwezi. Bwawa la barafu lililozuia Ziwa Missoula, ziwa la kale huko Montana, lilivunjika, maji yakamwagika hadi Washington, tena mara nyingi. Ukikuta tabaka za tope laini katikati ya mashapo ya mafuriko, usihesabu gharika moja: tope laini hutua maji yakiwa yametulia, kati ya gharika na gharika.